Land Rover ya Shule: Platini au Elektroniki?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Shanwe, Mpanda)



Kamati imenitaka nieleze jambo moja tu. Ile Land Rover Series III ya shule, ambayo tumechangishana ili ifufuliwe, iwashwe kwa platini kama ilivyotoka kiwandani, au ifungwe mtambo wa elektroniki? Ndugu mmoja ameniambia pale mlangoni kwamba platini ni mambo ya mababu. Naomba anivumilie, maana swali hili limekwisha kunitia aibu.

Tukumbushane kidogo somo la fizikia. Platini zikifungana, umeme wa betri hupita katika koili na kuifanya sumaku. Zikifunguka, sumaku ile huporomoka ghafla na koili hutoa umeme wa maelfu ya volti, unaoruka kwenye plagi kuwa cheche. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, platini hufunguka mara 4,000. Kila mara kisigino chake husuguliwa na nyuso zake huungua kidogo. Kisigino kikilika, nafasi hupungua, cheche huchelewa, gari hukosa nguvu na kunywa petroli. Ndiyo sababu fundi hushika tena geji na bisibisi kurudisha ile nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40.

Elektroniki huondoa kisigino hicho. Sumaku ndogo huzunguka na mhimili wa distributa, na kipande kidogo kando yake huzihisi zikipita, kwa kanuni aliyoigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879. Ipo na aina nyingine inayotumia jicho la mwanga. Wala si jambo geni. Chrysler wa Marekani waliyafunga magari yao mitambo isiyo na platini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Sasa aibu yangu. Nilifunga kisanduku cha namna hiyo katika gari langu, likawaka asubuhi kwa mguso mmoja, nami kwa furaha nikazitupa platini na kondensa jalalani. Wiki ya tatu jirani yangu aliniomba nimchukue mtoto wake mwenye degedege kutoka Sitalike kumleta hospitali Mpanda. Saa saba mchana, katikati ya njia, injini ikazimika. Tukangoja, ikapoa, ikawaka, tukaenda mwendo mfupi, ikazimika tena. Mama yake hakunilaumu kwa neno lolote, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Lori la mahindi ndilo lililomfikisha mtoto, naye alipona.

Fundi alipopima baadaye alikuta koili yangu ina ukinzani wa omu 1.5, wakati karatasi ya kisanduku ilitaka omu 3. Fanyeni hesabu wenyewe: volti 12 kwa omu 3 ni ampea 4, kwa omu 1.5 ni ampea 8. Nilikuwa nakikaanga kisanduku polepole. Karatasi ile nilikuwa nayo mfukoni, sikuisoma.

Basi ushauri wangu kwa gari la shule ni huu. Tununue mtambo, ila ule unaoingia wote ndani ya distributa, wa sumaku na si wa jicho. Kwa vumbi la kwetu wakati wa kiangazi, jicho likifunikwa na vumbi na mafuta halioni tena. Kabla ya kulipa tupime koili kwa mita ya umeme, tena ikiwa baridi, na tuhakikishe ni upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi. Series III ni hasi, lakini gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi halina dini. Nyaya za plagi ziwe za kaboni, kwani zile za shaba tupu husumbua vifaa hivi.

Kisha tujaribu, na jaribio liwe la joto. Kuwaka asubuhi si jaribio. Tuliache gari juani saa sita mchana, boneti imefungwa, injini ikinguruma nusu saa. Tuizime dakika kumi, maana feni ikisimama ndipo joto linapopanda chini ya boneti, halafu tuiwashe. Ikikubali mara tatu, tulipakie mizigo tuende mwendo wa saa nzima, lakini tukizunguka hapa hapa mjini ambako tunaweza kurudi kwa miguu. Na dereva asiache swichi wazi injini ikiwa imezima. Koili na kisanduku huungua vikiwa vimekaa tu.

Platini za zamani zisitupwe. Zifungwe kwenye bamba lake pamoja na kondensa, ziwekwe ndani ya kopo chini ya kiti, na dereva afundishwe kuzirudisha usiku kwa tochi mpaka aweze bila kuuliza. Mwenyekiti, naomba fedha za kopo na tochi ziingizwe katika bajeti leo hii.

Mita ninayo. Atakayependa kuona koili ikipimwa, gari liko nyuma ya jiko la shule, nami nitakuwa pale baada ya chakula.