Kupima na Kutia Oili ya Motokaa Nyumbani

(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa karakana ya reli mbele ya mkutano wa tawi.)

Nimeombwa niseme juu ya oili ya injini. Najua wengine mlitazamia habari za mishahara, lakini hii nayo ni habari ya mishahara. Wengi wetu tumenunua gari kuukuu kwa mkopo wa chama cha akiba, na kila mwezi fedha hukatwa kabla hatujazishika. Injini ikifa, mkopo haufi pamoja nayo.

Basi tunajaribu kupunguza gharama, na Jumamosi twabadilisha oili wenyewe nyumbani. Ni jambo jema, na kazi yenyewe si ngumu. Hasara huja kwa sababu ya kipimo.

Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina, alilala chini ya gari lake akafungua bolti ya kwanza aliyoiona. Ikatoka oili nyekundu, safi kabisa. Akafurahi, akasema aliyemwuzia alilitunza gari vizuri. Akafunga bolti, akamimina lita 4 za oili mpya juu ya injini. Ndugu zangu, ile nyekundu ilikuwa oili ya giaboksi! Injini ikawa na oili ya zamani na mpya pamoja, karibu mara mbili ya kiasi chake, na giaboksi ikabaki tupu. Gari lilikwenda kilomita chache likitoa moshi, kisha likakataa kabisa. Giaboksi nyingine amenunua, na deni bado analipa.

Kijiti cha kupimia, yaani dipstiki, kingalimwokoa. Kabla ya kutia hata tone moja, chomoa kijiti ukitazame. Kama oili ya injini imetoka kweli, ncha itakuwa kavu au na unyevu kidogo tu. Ukiona bado kuna oili, simama hapo hapo, umefungua mahali pasipo pake. Tena oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi au kahawia. Ikitoka nyekundu, rudisha bolti upesi.

Sasa nitasema jambo linalotuhusu hasa sisi watu wa reli. Ninyi mnaofanya kazi kwenye dizeli kubwa mwajua kwamba baadhi ya injini za garimoshi hupimwa oili zikiwa zinazunguka polepole. Usiipeleke desturi hiyo nyumbani. Motokaa ndogo hupimwa injini ikiwa imezimwa, gari likiwa mahali tambarare. Injini ikizunguka, oili nyingi huwa juu, katika njia zake na kwenye vyuma, na kijiti huonyesha pungufu. Mtu huongeza, halafu huongeza tena, na kumbe amezidisha.

Kipimo cha kwanza baada ya kumimina nacho hudanganya, maana filta mpya ni tupu. Tuchukue Toyota Probox yenye injini ya 1NZ, gari ambalo wengi wetu tunalo. Injini hiyo huchukua kama lita 3.7 ukibadilisha filta, na kama lita 3.4 usipoibadilisha. Kopo la dukani ni lita 4. Kwa nini basi twalimaliza lote? Eti kwa sababu limefunguliwa! Funga kifuniko uliweke. Magari mengine yana kiasi chao, kitafute katika kitabu cha gari, pamoja na aina ya oili, kama 5W-30.

Mimi hufanya hivi. Kwanza natia lita 3. Nawasha injini mpaka taa ya oili izime, naiacha izunguke kidogo, kisha naizima na kungoja dakika 5 hivi. Nachomoa kijiti, nakipangusa kwa kitambaa safi, nakirudisha mpaka mwisho, nakichomoa tena. Natazama pande zote mbili, na upande ulio chini ndio ninaouamini. Halafu naongeza kidogo kidogo, robo lita, nangoja, napima. Katika magari madogo mengi, toka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita 1. Ikikaribia alama ya juu, inatosha.

Mtu husema oili ikizidi si neno. Ni neno kubwa. Krankshafti hufika kwenye oili na kuipiga kama mwanamke anavyopiga mayai, ikajaa povu. Pampu haiwezi kusukuma povu sawasawa, na beringi hukosa oili ingawa sampu imejaa. Ukizidisha, fungua bolti utoe kidogo.

Taa nyekundu ya oili nayo wengi huielewa vibaya. Taa ile husema juu ya nguvu ya pampu, haipimi kiasi. Ikiwaka barabarani, injini imeanza kuumia. Simama na kuzima, usiseme utafika nyumbani kwanza.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara na uzuie magurudumu. Injini iwe vuguvugu, isiwe ya kuunguza. Tazama kama mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda, paka mpya oili kidogo, ukaze filta kwa mkono. Washa ya bolti iwe mpya. Oili chafu usiimwage mtaroni, maana mitaro hufika mtoni. Itie katika debe, uipeleke kwa gereji inayoikusanya. Na nawa mikono vizuri, kwani oili iliyotumika hudhuru ngozi ikikaa siku nyingi.

Asubuhi ya pili, kabla ya kuwasha, pima tena, na utazame chini ya gari kama kuna matone. Andika tarehe na kilomita kwenye karatasi.

Gari la Bwana Katibu liko nje, na boneti imefunguliwa. Mwenye swali aje tukapime pamoja.