KUBAKI UWANJANI: HABARI ZA SHIVNARINE CHANDERPAUL

(Maneno ya Kamati ya Jamii katika mkutano wa kumbukumbu ya kufika kwetu kambini)



Katika siku hii tumezoea kuwakumbuka waliotutoka njiani na waliotutoka hapa. Hilo tumekwisha kulifanya asubuhi kwa sala za pamoja. Tumezoea pia Kamati iseme maneno machache kwa ajili ya walio hai, hasa vijana. Mwaka huu tumeamua kuzungumza juu ya mwanamichezo mmoja. Wengi mlitazamia jina la mcheza kandanda. Sisi tunawaletea mcheza kriketi wa Guyana, nchi iliyoko Amerika ya Kusini. Jina lake ni Shivnarine Chanderpaul. Tumemchagua kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kubaki uwanjani, na habari ya kubaki sisi tunaijua kuliko watu wengi.

Kwa kuwa kriketi haijulikani sana kati yetu, tueleze kidogo. Mpigaji husimama na gongo mbele ya vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini. Mrushaji humrushia mpira mgumu wa ngozi, na warushaji wenye nguvu huurusha kwa mwendo unaopita kilomita 140 kwa saa. Mpigaji hulinda vijiti vyake, na hapo hapo hutafuta mikimbio, yaani alama za mchezo huo. Akikosea mara moja, mpira ukaangusha vijiti au ukadakwa hewani, anatoka. Hapewi nafasi nyingine mpaka timu yake ipate zamu tena. Mechi kubwa za mataifa, zinazoitwa Testi, huweza kuendelea kwa siku 5. Basi mpigaji anaweza kufanya mema saa sita mfululizo na kuondolewa na kosa la nukta moja.

Chanderpaul alizaliwa mwaka 1974 katika kijiji cha Unity, pwani ya Guyana. Yeye ni wa asili ya Kihindi. Kuanzia mwaka 1838 watu wa India walipelekwa Guyana kwa meli, kwa mikataba ya kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Mpaka mwaka 1917 walikuwa wamepelekwa zaidi ya watu 230,000, na wengi wao hawakurudi walikotoka. Timu aliyoichezea Chanderpaul, West Indies, nayo si ya nchi moja. Ni ya visiwa vingi vya Karibi pamoja na Guyana, watu wa bendera mbalimbali waliokubaliana kucheza pamoja. Katika timu hiyo yeye ndiye mtu wa kwanza wa asili ya Kihindi kufikisha Testi 100.

Alianza Testi mwezi Machi 1994 mjini Georgetown, dhidi ya Uingereza, akiwa na miaka 19, akapata mikimbio 62. Mwezi uliofuata, huko Antigua, mwenzake Brian Lara alipata mikimbio 375 na kuvunja rekodi ya dunia. Wapigaji huwa wawili uwanjani, kila mmoja upande wake. Aliyekuwa upande wa pili Lara alipoivunja rekodi hiyo alikuwa kijana huyu, naye hakutolewa, alibaki na mikimbio yake 75. Dunia ilimshangilia Lara, na ilistahili. Lakini mpigaji hawezi kufika mbali kama upande wa pili hakuna wa kusimama naye.

Sifa zake mwenyewe zilichelewa. Mpigaji akifikisha mikimbio 100 kwa zamu moja huhesabiwa kuwa amefanya jambo kubwa. Chanderpaul aliingoja mia yake ya kwanza miaka mitatu, mpaka 1997 huko Barbados, alipopata 137 dhidi ya India bila kutolewa, na West Indies wakashinda.

Tena kusimama kwake kuliwashangaza watu. Walimu wa kriketi hufundisha mpigaji amwelekezee mrushaji bega. Yeye alimgeuzia karibu kifua kizima, miguu imepanuka, kama mtu anayechungulia mlangoni, halafu mpira ukija akajivuta pembeni na kuupiga. Wako waliomcheka wakasema mtindo huo hauna uzuri. Yeye hakubishana nao. Kila alipoingia uwanjani alichukua kijiti kidogo kinacholazwa juu ya vile vitatu, akakigongomea ardhini kwa mpini wa gongo lake, apate alama ya mahali pa kusimama. Alama yake akishaiweka, alianza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Mwaka 2002, katika mechi za nyumbani dhidi ya India, alikaa dakika 1,513 za kupiga bila kutolewa, ndiyo zaidi ya saa 25, zamu baada ya zamu. Mwaka uliofuata, mjini Georgetown, wenzake walikuwa wanaanguka mbele ya Australia. Yule yule aliyedhaniwa hajui ila kujikinga akapata mia kwa mipira 69 tu. Katika mfululizo huo huo, huko Antigua, West Indies walitakiwa kupata mikimbio 418 ili washinde. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kushinda Testi kwa kufikia hesabu kubwa namna hiyo katika zamu ya mwisho. Chanderpaul alipiga akiwa na kidole kilichovunjika, akapata 104, nao wakashinda.

Tuwape viongozi wenzetu wa Kamati na wa mitaa neno moja hapa. Mwaka 2005 alifanywa nahodha, na katika mechi yake ya kwanza kwa cheo hicho alipata mikimbio 203 bila kutolewa. Lakini timu ilishindwa mara nyingi chini yake. Mwaka 2006 akakiachia cheo ili ashughulikie kupiga. Hakununa wala hakuacha timu. Alirudi katika safu, na miaka yake mizuri sana ikaja baada ya hapo.

Mwezi Mei 2008, mjini Kingston, Jamaica, mrushaji Brett Lee wa Australia alimpiga kwa mpira nyuma ya kofia ya chuma. Chanderpaul alianguka, akalala kimya pale chini, watu wakaogopa. Akiwa na mikimbio 86 wakati huo, aliinuka, akaangaliwa, akaendelea hadi 118. Mwezi mmoja kabla yake, katika mechi ya siku moja dhidi ya Sri Lanka huko Trinidad, timu yake ilihitaji mikimbio 10 na mipira ilikuwa imebaki miwili. Wa kwanza akaupiga wa nne, wa mwisho akaupiga wa sita. Mwaka huo alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa kriketi duniani.

Ndugu zetu, pale Kingston aliinuka akapata 118, na bado West Indies walishindwa ile mechi. Hili tunalisema makusudi. Tunayo methali kwamba mvumilivu hula mbivu, na tumeisema mno mbele ya vijana wetu. Wao wanatuuliza: mmevumilia miaka mingapi, na mbivu ziko wapi? Swali hilo ni la haki. Hatutaki kuwajibu kwa hadithi yenye mwisho mtamu, kwa sababu hata ya mtu huyu haikuwa hivyo. Mwaka 2015, akiwa na miaka 40, aliachwa nje ya timu. Alikuwa amecheza Testi 164 na kupata mikimbio 11,867, mia zake zikiwa 30. Kati ya wachezaji wa West Indies rekodi ilikuwa ya Lara, mikimbio 11,953 katika Testi zake zote. Hesabuni wenyewe: alipungukiwa 86. Hakupewa mechi ya kuaga, na mwezi Januari 2016 akatangaza kustaafu.

Basi tunajifunza nini, kama kuvumilia hakuleti kila kinachongojwa? Tunajifunza kwamba kubaki kwake hakukuwa kukaa bure. Kila mpira ulikuwa kazi yenye macho na mikono, na mikimbio aliyoipata ni yake, ikiwa rekodi ilikuja au haikuja. Binti anayejifunza kushona hapa kambini, kijana anayesoma chini ya turubai, mzee anayepanda mboga nyuma ya nyumba ya udongo, hao hawangojei tu. Wanapiga mpira wa leo. Siku ya kurudi nyumbani hatuijui. Ujuzi wa mikono hauishii mpakani, mtu huondoka nao.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika tuna jambo moja la kuomba, na mchezo wenyewe ndio unaotufundisha. Mara 49 katika Testi zamu ya Chanderpaul iliisha akiwa hajatolewa. Mara nyingine ilikuwa kwa ushindi. Lakini mara nyingine ilikuwa kwa sababu wenzake wote walikuwa wameangushwa, na kanuni inasema mpigaji mmoja hawezi kuendelea peke yake. Aliondoka uwanjani mzima, na nguvu bado anazo. Msituhesabie kwa uvumilivu wetu peke yake. Shule ikifungwa, mgao ukipunguzwa, darasa la ufundi likikosa mwalimu, hata yule aliye imara kuliko wote hana wa kusimama naye upande wa pili. Nasi wakaaji tuambiane hayo hayo: jirani akianguka, mchezo wako umefupishwa.

Tumalizie kwa habari ya mwanawe. Mwezi Novemba 2022 Chanderpaul aliingizwa katika orodha ya heshima ya kriketi ya dunia. Mwezi huo huo mwanawe, Tagenarine, alianza kuichezea West Indies katika Testi, huko Australia. Naye ni mpigaji mtulivu kama baba yake. Mwezi Februari 2023 timu ilikuja hapa barani Afrika, mjini Bulawayo, Zimbabwe. Kijana yule akapata mikimbio 207 bila kutolewa. Hesabu kubwa kabisa ya baba katika Testi, aliyoifikia mara mbili, ilikuwa 203.

Wazazi wenzetu, ile rekodi ya Lara baba hakuifikia, na mtoto hakumfutia pengo hilo. Lakini alichokijua baba, mtoto alikipokea, akaongeza minne juu yake. Watoto wetu nao wanatuangalia kila siku namna tunavyosimama.