Hewa ya Same na Uhandisi wa Ndege za Vita



Mada niliyokabidhiwa katika semina hii ni uvumbuzi wa kihandisi katika ndege za vita na helikopta, nayo ni mada ambayo aghalabu husomeshwa kana kwamba mambo yake yote yalianza na kwisha katika karakana za Ulaya na Marekani, ilhali katika bonde hili lililo mbele yetu, baina ya Milima ya Upare na mto Pangani, zilipita mwaka 1916 ndege za vita ambazo hewa yetu ilizipa mtihani wasioutunga waundaji wake. Shabaha yangu ni kuthibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba chombo kirukacho huhukumiwa na hewa ya mahali kinapofanyia kazi, wala hakihukumiwi na meza ya mhandisi aliyekichora. Na kwamba uvumbuzi ulio bora katika fani hii, tangu viunzi vya chuma cha pua hadi injini za turbini, ulipatikana pale mhandisi alipoisikiliza hukumu hiyo akaitii.

Kwanza tuipime hewa yenyewe. Mji wa Same uko kiasi cha meta 860 juu ya usawa wa bahari. Vitabu vya uhandisi huanza na hewa ya pwani yenye joto la nyuzi 15 za sentigredi, ambayo meta moja ya ujazo wake ina uzito wa kilo 1.225. Hapa kwetu, adhuhuri ya Februari joto likifika nyuzi 35, uzito huo hushuka hata karibu kilo 1.03, upungufu wa takriban asilimia 16. Na rubani aliyeko uwanjani hapa huwa, kwa hesabu ya ndege yake, kama aliyesimama mahali palipoinuka zaidi ya meta 1,700 katika hewa ya vitabuni. Madhali hewa ndiyo imbebayo, hana budi kukimbia kwa kasi iliyozidi kwa kiasi cha asilimia 9 kabla ya mabawa kuinuka; lakini injini yake nayo, kwa kuwa huvuta hewa hiyo hiyo iliyo nyepesi, imekwisha kupoteza nguvu kwa kadiri inayokaribia asilimia ile ya uzito uliopungua, na rafadha inayomvuta mbele imepungukiwa na kitu cha kushika. Basi upungufu ni wa namna tatu kwa wakati mmoja, na kila mmoja huzidisha taabu ya mwenziwe. Anayetaka kujua kwa nini ndege fulani zilishindwa katika nchi hii asianze kwa kuwalaumu marubani.

Mtihani wa mwanzo haukufanyika Upare bali katika mlango wa Rufiji, nami nautaja kwa sababu ndiyo sehemu ya kwanza ya kisa hiki. Manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Waingereza Pegasus huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha ndani ya mikoko ya Rufiji, na Waingereza hawakuweza kuiona ila kwa jicho lililo angani. Rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, aliletwa na ndege ya majini aina ya Curtiss, na rejeta yake ilipoharibika ilibidi meli itumwe Mombasa kutafuta rejeta ya motokaa ya Ford. Kwa kifaa hicho cha barabarani ndege ikaruka tena. Ndege mbili za Sopwith zilizofuata mwanzoni mwa 1915 zilikuwa za mbao zilizounganishwa kwa gundi, na gundi iliyoshika barabara katika baridi ya Uingereza ililegea kwa joto na unyevu wa pwani, wala ndege zenyewe hazikuweza kuinuka na mzigo wa maana. Hatimaye zikaja Caudron na Henri Farman, zikiruka kutoka kisiwa cha Mafia, na Farman hizo zilikuwa na kiunzi cha mabomba ya chuma cha pua, ambacho hakinywi maji, hakipindwi na jua, wala hakitegemei gundi. Tarehe 11 Julai 1915 marubani Cull na Arnold, ndege yao ikiwa imekwisha kupigwa na inaporomoka, waliendelea kupeleka kwa simu ya upepo masahihisho ya shabaha kwa merikebu zao, na Königsberg ikaangamia siku hiyo hiyo. Mizinga yake iliokolewa na kupelekwa bara, na mmoja wapo ulikuwako Kahe, hatua chache kaskazini ya milima yetu, vita vilipofika huko Machi 1916.

Hapo ndipo kisa kinapoingia Upare. Kikosi cha ishirini na sita cha jeshi la anga la Uingereza, ambacho kiini chake kilikuwa marubani wa Afrika Kusini, kiliteremka Mombasa mwishoni mwa Januari 1916 kikiwa na ndege za namna mbili: B.E.2c za mbao na kitambaa, zenye injini ya nguvu za farasi 90 iliyopozwa kwa upepo, na Farman zile za chuma cha pua. Kutoka Mbuyuni, ng'ambo ya mpaka, kililisaidia jeshi la Jenerali Smuts kuuteka mlango wa Kilimanjaro. Kisha masika yalipokwisha, katika siku za mwisho za Mei, majeshi yakashuka kwa safu tatu, moja ikifuata reli ya Tanga kwa kupitia hapa Same, moja ikifuata mto Pangani, na ya tatu, ya askari wa King's African Rifles (KAR), ikipita pengo la Ngulu. Ndege ziliwafuata kwa kuhama kiwanja hata kiwanja, na kila kiwanja kilikuwa pori lililofyekwa kwa mapanga, likaondolewa visiki, likashindiliwa kwa miguu. Kazi hiyo ilifanywa na wachukuzi na vibarua Waafrika ambao vitabu vya vikosi vya anga havikuandika majina yao, nami nasema bila kusita kwamba uwanja wa ndege ni sehemu ya mtambo, na aliyeutengeneza amestahili kuhesabiwa miongoni mwa mafundi.

Ndege za mwaka ule zilifaulu kiasi gani? Jibu la haki ni kwamba zilifaulu nusu. B.E.2c iliundwa makusudi iwe tulivu angani, hata rubani aweze kuiacha ijiendeshe huku akichora ramani, na utulivu huo ulikuwa uvumbuzi mkubwa uliotokana na hesabu nzito za karakana ya Farnborough. Lakini wahandisi hao hawakuyafikiria mapori ya bonde hili, ambamo kikosi kizima cha askari huweza kukaa chini ya miti ya miiba na mtu aliye juu asione ila kijani na vumbi. Utulivu angani si kuona. Maarifa ya kuona kupenya majani na giza, kwa kamera zinazohisi joto, yalikuja baadaye sana, na kwa ndege za aina nyingine.

Kabla ya kuziacha zama hizo nataja chombo kimoja ambacho hakikufika Afrika Mashariki, nacho naona ni mfano mkubwa kuliko yote wa mhandisi aliyefikiri mapema juu ya mahali pa mwisho pa chombo chake. Novemba 1917 Wajerumani waliituma meli ya hewa, Zeppelin L59, yenye urefu wa meta 226, kutoka Jamboli katika Bulgaria ikiwa na tani kama 15 za risasi, dawa na vifaa vya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Kwa kuwa huku hakukuwa na gesi ya kuijazia tena, waliijenga ili ifike na isirudi: kitambaa cha gamba lake kiwe mahema na nguo, viunzi vyake viwe mnara wa simu ya upepo, injini zake zizalishe umeme, na ngozi ya njia za ndani iwe viatu vya askari. Ilipofika magharibi ya Khartoum ikapata amri ya kurudi, ikarejea Bulgaria baada ya saa 95 na kilometa 6,757 bila kutua. Safari ilishindwa, ila fikira ile haikushindwa; na watu wa Upare, ambao wazee wao walizichimba ndiva, yaani malambo ya maji, mahali hasa mteremko unapoyaruhusu maji kufika mashambani, hawatapata taabu kuielewa.

Sasa helikopta. Igor Sikorsky aliinua chombo chake cha VS-300 kutoka ardhini tarehe 14 Septemba 1939, na haikupita miaka mitano kabla ya uvumbuzi huo kukutana na hewa ya nchi za joto. Aprili 1944 huko Burma, rubani Carter Harman alitumwa na helikopta ya YR-4 kuokoa watu wanne nyuma ya safu za Wajapani: rubani mwenziwe mmoja na askari watatu wa Kiingereza. Injini yake ya pistoni, katika joto na mwinuko ule, iliweza kumbeba abiria mmoja tu kwa safari, na kila safari ilikuwa ya kuihofia isije ikaungua. Hata hivyo aliwatoa wote, mmoja baada ya mmoja. Wajukuu wa askari wa KAR waliopigana Burma mwaka huo huo, nao wamejaa katika wilaya hii, waelewe kwamba katika nchi ile ile babu zao walimoteseka kwa mvua na malaria, helikopta ilipewa somo lake la kwanza la vita.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa turbini, injini inayotoa nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Alouette II ya Wafaransa, iliyoruka mara ya kwanza Machi 1955, ndiyo iliyoufungua mlango huo kwa helikopta za kuuzwa. Lakini mfano niupendao ni Lama, kwa kuwa haikuzaliwa na fikira ya mhandisi peke yake. Majeshi ya India yalihitaji helikopta ya kupanda Himalaya, yakasema wazi mwinuko na mzigo yanaoutaka, na Wafaransa wakachukua mwili mwepesi wa Alouette II wakauoza na injini na mapanga ya Alouette III. Tarehe 21 Juni 1972 Jean Boulet alipanda nayo hadi meta 12,442. Injini ikazimika kwa baridi ikakataa kuwaka, naye akashuka safari yote hiyo kwa mapanga yaliyozungushwa na upepo wa mshuko wenyewe, akatua salama. Vijana wanaodhani helikopta iliyozimika huanguka kama jiwe, waisome habari hiyo.

Wamarekani nao, waliokwisha kuona Vietnam helikopta zikishindwa kuinuka na askari waliojaa, waliandika mwanzoni mwa miaka ya 1970 sharti moja ambalo lafaa kubandikwa katika kila darasa la fizikia la wilaya hii: helikopta mpya iweze kuelea, bila msaada wa hewa inayogongana na ardhi, katika mwinuko wa meta 1,219 na joto la nyuzi 35. Hewa ya sharti hilo ina uzito wa karibu kilo 0.99. Ya kwetu hapa mjini ni 1.03, na ya kilele cha Shengena, meta 2,462, siku ya baridi ya nyuzi 15, ni karibu 0.91. Yaani sharti lililoizaa helikopta ya Black Hawk limeangukia katikati ya mteremko wetu, kana kwamba lilipimwa baina ya Same na Shengena. Na injini ya helikopta hiyo, T700, ilijengewa ndani yake chombo cha kuizungusha hewa inayoingia ili mchanga urushwe pembeni na kutolewa nje usile majani ya turbini, maana vumbi la nchi kavu lilikwisha kuziua injini nyingi. Vumbi la Makanya na Hedaru mnalijua.

Jeshi letu la Wananchi, katika miongo ya mwanzo ya uhuru, lilipata kutoka Kanada ndege za Caribou zilizoundwa kuruka na kutua katika viwanja vifupi visivyo na lami, na huo ulikuwa uchaguzi wa busara kwa nchi yenye viwanja vya namna hiyo. Lakini chombo ambacho Upare utakihitaji zaidi ni helikopta ya uokoaji. Novemba 2009, ardhi ilipoporomoka Mamba Miamba na kuwazika watu, ilidhihirika jinsi barabara za milima hii zinavyoweza kukatika pale hasa zinapohitajika. Na mvua kubwa haziombi ruhusa. Mlimani hakuna ardhi tambarare ya kuisaidia helikopta kuelea, na upande huu wa magharibi uliokingwa na milima, upepo uliovuka vilele huteremka kwa nguvu na humsukuma rubani chini wakati hasa anapotaka kupanda.

Pendekezo langu kwa semina hii ni la kazi, wala halihitaji fedha nyingi. Shule tatu, moja hapa mjini, moja Suji, moja Chome, ziwe na kipimajoto na barometa, na wanafunzi waandike vipimo saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni kwa mwaka mzima, pamoja na uelekeo wa upepo. Kisha wakokotoe uzito wa hewa kwa kila kipimo. Daftari hilo likikamilika lipelekwe kwa wanaonunua na kurusha helikopta za uokoaji za nchi yetu, ili siku watakapoandika masharti kwa muuzaji waandike na hewa ya Upare: mwinuko, joto, vumbi, na upepo unaoshuka.