Asiyeona Naye Ana Haki ya Siri Yake



Asiyeona akisomewa ujumbe wa fedha zake na mtu mwingine, siri yake imo mikononi mwa msomaji huyo. Tangu mwaka 2009 simu za iPhone zimekuwa na VoiceOver, na nyingi za Android zina TalkBack: programu zisomazo kwa sauti yaliyoandikwa kwenye kioo. Mtumiaji hugusa mara moja asikie, kisha mara mbili upesi afungue. Mwenye uoni hafifu aweza kukuza maandishi.

Programu hizi hazinunuliwi. Huwashwa ndani ya mipangilio ya simu. Basi sisi viongozi wa jumuiya tuwafundishe wenzetu kuziwasha, na kutumia vipokea sauti vya masikioni mbele za watu. Kuwasomea ni huruma. Kuwawezesha wajisomee ni haki.