Kitundu cha Moyo na Kiharusi

Tuzungumzie moyo. Sote tulipokuwa tumboni mwa mama tulikuwa na kitundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Damu ilipita hapo kwa kuwa mapafu yalikuwa hayajaanza kazi. Kwa mtu 1 kati ya 4 hivi, kitundu hicho hakizibi sawasawa, na wengi wao huzeeka bila kujua.

Hatari ni pale bonge dogo la damu linapopenya hapo na kupanda ubongoni, likaleta kiharusi. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha kuwa kukiziba, kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa kinenani, hupunguza kiharusi cha pili kwa watu wa chini ya miaka 60 ambao kiharusi chao cha kwanza hakikuonekana kuwa na chanzo kingine. Kwa kukiziba ili kutibu kipandauso, matokeo hayajaridhisha. Sioni sababu ya mtu kuuza shamba la minazi kwa ajili hiyo.

Lakini chanzo kikuu cha kiharusi si kitundu hicho, ni presha. Tuseme mama ameketi barazani Msambweni, kikombe cha chai kinamponyoka, mdomo umekwenda upande. Jirani anasema ni upepo mbaya, anaitwa mganga, saa zinapita. Jamani, hizo ni dalili za kiharusi; huyo akimbizwe hospitali ya rufaa ya Msambweni papo hapo!

Nanyi wapiga mbizi wa Diani mliowahi kuugua baada ya kuibuka kutoka kilindini, mwambieni daktari: viputo vya hewa navyo huweza kupenya kwenye kitundu hicho hicho cha moyo.