Nimeshika yote, mbona nimekosa?

Juma lililopita nilikuwa Dakawa, kule kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la mto Wami. Mama mmoja aliyekuwa akipandikiza mpunga aina ya SARO alinieleza kwamba mche uliotoka kitaluni kwanza hunyong'onyea, lakini baada ya siku kadhaa huinuka na rangi kukoza. Hapo ndipo wakulima husema mche umeshika.

Jioni alinikaribisha nyumbani. Binti yake, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliniamkia kisha akaniletea daftari la baiolojia. Pembeni mwa jibu lake juu ya usanisinuru, mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba hajaweza ku-"grasp" mada hiyo.

"Kamusi inasema ni kushika," akalalamika. "Mbona nimeshika yote, baba?"

Na kweli alikuwa ameshika. Alinighania ukurasa mzima kwa Kiingereza, macho yakiwa darini. Nilipomwuliza kwa Kiswahili mmea hupata wapi chakula chake, akajibu bila kusita: kwenye mbolea.

Kamusi haikusema uongo. Neno hilo la Waingereza lilianzia mkononi likapanda kichwani, kama vile Wajerumani walivyopata neno lao la kuelewa, "begreifen", kutoka "greifen", yaani kushika. Sisi nasi husema mtoto fulani ni mwepesi wa kushika, na vijana wa mjini huulizana, "Umenipata?" Lakini tahadhari! Kushika kwetu, likija suala la masomo, mara nyingi ni kutosahau tu. Hata kasuku hushika. Mwingereza akisema "grasp" ana maana ya kuielewa hoja mpaka uweze kuigeuza upande huu na ule.

Jambo hili si geni. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, na halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakakuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Ajabu ni kwamba bado walishauri lugha iwe hiyo hiyo. Hadi leo sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto anatakiwa kushika lugha na somo kwa mpigo, na mshika mbili, mnajua wenyewe.

Mama mtu alikuwa akipembua mchele, akadakia: "Mbolea? Mbona mpunga ulio chini ya mwembe haunenepi, na mbolea tunautilia sawa na mwingine?"

Binti akanyamaza. Akalifungua tena daftari, akaweka kidole kwenye mstari.

"Kumbe ndiyo hii 'light' yao!" akasema. "Ni jua, mama. Kivuli kinaunyima jua."