Shahidi ni nani?

Juma hili tuangalie neno moja. Kifaransa na Kiingereza huliandika sawasawa: martyr. Tukilisikia, mara tunafikiri damu na kifo. Lakini neno hilo limetoka kwa Wagiriki, martys, na kwao lilikuwa neno la tribinali. Martys ni mtu aliyeona jambo, akasimama mbele ya watu, akalisema. Kwa Kiswahili chetu: shahidi.

Tusome Matendo ya Mitume, sura ya 6 na ya 7. Stefano anashtakiwa. Wanaoletwa kumsingizia, nao wanaitwa mashahidi, kwa neno lile lile la Kigiriki. Sheria ya Musa ilitaka mashahidi watupe mawe ya kwanza (Kumbukumbu la Torati 17:7). Ndiyo maana wanavua mavazi yao na kuyaweka miguuni pa kijana Saulo. Baadaye Saulo, aliye sasa Paulo, anakumbuka siku ile mbele ya Bwana (Matendo 22:20). Na anayemwita shahidi wa Bwana si mmoja wa wale waliotupa mawe. Ni Stefano.

Basi, wapendwa, kifo hakimfanyi mtu kuwa shahidi. Ukweli ndio unaomfanya. Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alikuwa amekwisha kumpa Kristo neno lake kwa nadhiri. Usiku ule alikataa kulirudisha.

Wengi wetu hatutaombwa damu. Tutaombwa maneno machache. Mpaka wa shamba la mjane umesogezwa, nasi tuliona. Kijana amefungwa kwa kosa la mwingine, nasi tunamjua aliyetenda. Tukiitwa, tunajibu: «Sikuwapo.» Au tunapokea bahasha, tunasema yaliyotakiwa. Hapo tumevua mavazi yetu pamoja na wale wa kwanza, na jiwe liko mkononi.

Tunajua hofu ni ya kweli. Kwetu, kusema ulichokiona kunaweza kukuletea hatari nyumbani. Kwa hiyo tusimwache shahidi aende peke yake. Twende naye wawili, watatu, jumuiya nzima.

Juma hili kila mmoja ajiulize: nimeona nini, na kwa nini nimenyamaza? Roho Mtakatifu atupe moyo wa Stefano. Amina.